Mtazamaji wa Saa Nane

Jumatatu asubuhi mchoraji aliweka kompyuta katikati ya meza, kati ya chupa ya chai na sahani ya mkate, akaigeuza ili mumewe aione vizuri. Mume alikuwa anafuta lenzi kwa kitambaa laini, kazi aliyoifanya kila baada ya harusi za mwisho wa wiki. Alikuwa mpiga video. Mtaani walimwita Zumu, kwa sababu hakuna keki iliyowahi kukatwa mbele yake bila yeye kuivuta karibu mpaka watazamaji wakaona punje za sukari.

"Nimechuja tovuti mpaka zimebaki tatu," mke alisema. "Nichagulie wewe. Haya mambo ya video ni yako."

Alichora kwenye kishikwambi, kwa kalamu isiyo na wino, na kishikwambi kilirekodi kila mstari tangu wa kwanza. Ukitazama video yake ulimwona ndege akianza kama nukta, akaota mdomo, akaota bawa, kifua kikaingia wekundu, shingo ikageuka, akaruka. Video za namna hiyo alikuwa nazo tele. Mpaka asubuhi hiyo waliokuwa wameziona ni yeye mwenyewe, mumewe, na mama yake Zumu, aliyeishi nao na kuzitazama huku akikunja nguo. Sasa alitaka watu wazione. Hilo tu. Alikuwa amelisema wiki nzima, jikoni, mlangoni na kitandani, na hakuwa mtu wa kurudiarudia mambo.

Tovuti zenyewe alikuwa amezipa majina ya nyumbani ili wasichanganyikiwe. Ya kwanza aliiita Soko, maana dunia nzima ilikuwamo: waimbaji, wahubiri, mafundi wa mabomba, na tangazo la sabuni linalokatiza pale pale utamu unapokolea. Ya pili aliiita Ukumbi. Humo walikuwamo wachoraji watupu, na wenye kampuni za katuni walipita wakitafuta watu wa kuwapa kazi. Ukumbi uliipokea video kama ilivyo, haukupunguza hata chembe ya rangi, ila ulikuwa na sharti: ukijiunga, kazi zako zisionekane kwingine. Ya tatu ilikuwa Kabati. Zumu mwenyewe alihifadhi humo video za wateja wake, kila mteja na neno lake la siri, na ili zote zienee, Kabati lilizibana kama msafiri anayekalia begi ili zipu ifunge.

Zumu alijua jibu kabla hajamaliza kufuta lenzi. Mtu yeyote wa kazi yake angelijua.

"Kabati," alisema.

"Kabati? Mimi nilidhani utasema Ukumbi."

"Ukumbi umejaa wezi. Mtu anamchukua ndege wako, anambandika kwenye fulana, anauza, wewe umekaa hapa unapiga miayo. Kabati lina kufuli. Anaingia uliyemruhusu."

"Na rangi je? Si linabana?"

"Linabana kidogo. Jicho la mtu halioni."

Mke alimwamini. Alikuwa ameolewa na mtu wa video, na ukiolewa na fundi saa huendi kuuliza saa ngapi kwa jirani. Akafunga kurasa nyingine mbili, akammiminia chai.

Ukweli ni kwamba Zumu alikuwa na wivu, na hakuna haja ya kuuzungusha. Ulianzia kwenye harusi moja. Alikuwa amemwomba mkewe amchoree mwanzo wa video, maua yanayofunguka na majina ya maharusi yakitokea katikati yake, kitu cha kupita haraka kabla ya video yenyewe. Siku ya kuitazama, familia yote ya bibi harusi ilikaa sebuleni. Maua yakafunguka. Shangazi wa bibi harusi, mama mmoja mwenye miwani mikubwa, akasema, "Hebu rudisha pale." Akarudisha. Wakasema arudishe tena. Zumu alikuwa amesimama juu ya kiti siku nzima ya harusi akiwapiga video, amebeba kamera mbili, amekosa hata maji ya kunywa, na hakuna aliyeomba arudishiwe keki. "Nani kakuchorea haya maua?" shangazi akauliza. Zumu akajibu kwamba ni mtu wa nyumbani. Alirudi kwake na kipande cha keki ndani ya karatasi laini, akamwambia mkewe kwamba video imependwa, akaenda kuoga.

Tangu hapo alimwonea gere mke wake mwenyewe. Wivu ule haukuwa na makelele. Alimpenda mkewe kama kawaida, alimletea matunda, alimkanda mabega akichoka, na alipomwona ameinamia kishikwambi akitabasamu peke yake, roho ilimuuma.

Neno la siri alilitunga yeye. Lilikuwa refu, lenye herufi kubwa na ndogo zilizochanganywa, namba, nyota, alama ya kuuliza, na alama moja iliyojificha kwenye simu mahali ambapo wengi hawajawahi kufika. Mke alilituma kwa kila aliyemfahamu: wenzake wa shule, wateja wa zamani, binamu zake, na fundi cherehani wa nyumba ya pili. Akawaandikia kwamba ndege wake yuko tayari.

Kesho yake mama yake Zumu alikuta vumbi la samawati chini ya meza.

Lilikuwa laini kama poda na limetanda vizuri, kama limechekechwa. Mama alilizoa kwa kizoleo akampelekea mwanawe barazani.

"Hili linatoa madoa?" aliuliza.

Zumu alilitazama, akaingia nalo ndani, akafungua Kabati kwenye kompyuta ya mkewe, ambako mwenye video hahesabiwi. Ndege wa mkewe aliruka vizuri tu, lakini aliruka katika anga la rangi ya maji yaliyooshewa vyombo. Akatazama tena kizoleo. Anga lote lilikuwa pale. Kabati lilikuwa limebana, na kilichokamuliwa kilikuwa kimetokea upande wa pili, yaani nyumbani. Video zake za harusi zilikuwa zikibanwa humo miaka yote, na bila shaka nazo zilidondosha vumbi lao, ila lilikuwa la kijivu, na vumbi la kijivu liko kila nyumba.

"Halitoi," alimwambia mama yake. "Lifute tu kwa kitambaa kikavu."

Mke alipoamka alichovya kidole, akalisugua kwa gumba, akalijua.

"Hizi si rangi zangu hizi?"

"Ni zilizozidi," Zumu alisema. "Ni maganda hayo. Ukimenya kiazi unalilia maganda?"

Mke alikung'uta kidole juu ya kizoleo. Kisha akanawa mikono, akaenda kuchora ndege mwingine.

Kila alipopakia video, asubuhi yake sakafu ilikuwa na rangi. Ilidondoka kijani ya majani, ikadondoka dhahabu ya jua la asubuhi, siku ya tausi mama alifagia mpaka mgongo ukamuuma. Mama hakuwa mtu wa kutupa vitu. Alitafuta makopo ya maziwa ya unga, akayaosha, akayapanga kwenye rafu ya jikoni, kila rangi na kopo lake. Fundi cherehani alikuja kuomba ya njano, maana chaki yake ya kuchorea vitambaa ilikuwa imekwisha, akarudi akisema haijawahi kutokea chaki nzuri namna ile. Jirani wa nyuma akaomba samawati ya kupaka geti. Paka wa mtaani aliyezoea kulala chini ya meza akawa wa rangi ya machungwa upande mmoja, na akaendelea na shughuli zake.

Zumu naye alipata mgawo. Siku moja alikuwa anahariri harusi iliyofanyika chini ya wingu zito, bibi harusi amefifia, ukumbi umefifia, hata wali umefifia. Upepo ukapuliza dirishani ukainua vumbi la kijani na jekundu, likamwagikia kibodi. Alipuliza ili alitoe. Kwenye kioo majani yakawa majani, na midomo ya bibi harusi ikaiva. Zumu alikaa akatazama. Kisha akaenda jikoni, akachota kijiko cha dhahabu, akanyunyiza tena, akapuliza. Harusi iling'aa. Wateja walipoiona walisema Zumu siku hizi ameamka, na hakuwabishia.

Kwenye Kabati, kona ya chini ya kila video, palikuwa na maandishi madogo: Watazamaji. Siku ya kwanza palikuwa na sufuri. Mke aliikagua asubuhi, akaikagua akipika, akaikagua kabla ya kuoga. Binamu mmoja aliandika kwamba lile neno la siri limemgomea. Mwingine aliandika "hongera sana" na ilikuwa wazi kwamba hajafungua. Fundi cherehani alijaribu siku nzima mpaka simu ikamfungia. Siku ya pili, sufuri. Mke alikaa na mkono shavuni.

Siku ya tatu palikuwa na mtu mmoja.

"Kaja!" mke alipiga kelele kutoka chumbani. "Mama! Kuna mtu kaja!"

Mtu huyo alikuwa Zumu. Alikuwa ofisini kwake, chumba kidogo chenye pazia jeusi na kiti kimoja cha wateja, saa nane mchana, baada ya chakula. Aliingia kuhakikisha kama kuna yeyote aliyefanikiwa kuingia. Hakujua kwamba kuhakikisha nako kunahesabiwa. Na alipokwisha kuingia, akatazama. Alitazama akitafuta kasoro, kama fundi anavyotazama kazi ya fundi mwenzake, na ndege hata bila rangi zake alikuwa ndege kweli. Pale shingo inapogeuka, kabla hajaruka, kulikuwa na kitambo kifupi ambapo ndege alionekana kama amesahau jambo. Zumu alirudisha pale. Akarudisha tena.

Kabati lilihesabu watu, halikuhesabu mara. Hata aingie kila siku, namba ilibaki moja. Lakini kwa mwenye video lilionyesha zaidi: saa mtu alipoingia, na kamstari kenye vilima, na kila kilima kilikuwa mahali ambapo mtu huyo alirudisha nyuma.

"Anakuja saa nane," mke alisema mezani, amemshikia mumewe kompyuta usoni. "Kila siku saa nane. Lazima ni mtu mwenye kazi ya kukaa, anakula halafu ananitazama. Na ona hapa. Ona kilima hiki. Anarudia pale pale shingo inapogeuka. Hakuna mtu aliyewahi kuona kwamba pale ndiyo penyewe. Pale nilihangaika siku mbili."

"Ni mwanamume?" Zumu aliuliza.

"Nitajuaje? Lakini moyo unaniambia ni mwanamume."

"Moyo unakuambia."

"Ana subira," mke alisema. "Mtu anayerudia jambo dogo hivyo ana subira. Ni mtu mzuri."

Zumu alitafuna polepole. Kwa miaka yote ya ndoa mkewe hakuwahi kumwambia kwamba ana subira. Alikuwa amemwambia kwamba ni mchapakazi, kwamba ni mbishi, kwamba anakoroma. Sasa kulikuwa na mtu huko, mwenye subira, mzuri, na Zumu alimchukia kabla hajakumbuka ni nani. Alipokumbuka, aliendelea kumchukia.

Mke alianza kumchorea mtu wake. Alimwita hivyo hasa, mtu wangu, bila kificho, mbele ya mama mkwe. "Leo nimemwekea mtu wangu shingo ndefu zaidi." "Mtu wangu anapenda kimya, acha nipunguze majani." Alijipaka mafuta mikononi kabla ya kuchora. Zumu akiwa ofisini, saa nane, alitazama shingo zilizochorwa kwa ajili ya mtu huyo, zikimgeukia kwa upole, na akazitazama mpaka mwisho, na akarudisha nyuma, na wivu ukamkaba hata akalegeza tai.

Akaamua kumkomesha. Hakuingia Kabatini wiki nzima. Saa nane ilipofika alifunga mlango wa ofisi akaenda kukaa kwa kinyozi, asikilize mpira.

Nyumbani mke alikagua kamstari, hakukuwa na vilima. Siku iliyofuata hivyo hivyo. Akasema labda anaumwa. Akasema labda amesafiri. Siku ya nne kishikwambi kikabaki kwenye chaji kutwa nzima. Sakafu ikawa safi. Mama alizunguka na ufagio wake asubuhi, akachungulia chini ya meza, chini ya kabati la vyombo, akarudi barazani mikono mitupu.

"Umemfanya nini mwenzako?" alimwuliza mwanawe.

"Mimi? Sijamfanya kitu."

"Hilo ndilo ninaloliona," mama alisema.

Jumatatu saa nane Zumu alirudi ofisini, akaandika lile neno refu ambalo yeye peke yake duniani aliliweza kwa kichwa, akatazama ndege wote tangu wa kwanza. Jioni alipofika nyumbani mkewe alikuwa anaimba. Alikuwa amebana nywele, amechora tangu saa tisa, na mashavu yalikuwa yamemng'aa kama ya msichana aliyepokea salamu. Zumu aliyaona mashavu yale. Hayakuwa yake.

Basi mambo yalikuwa hivyo mpaka siku simu ilipolia Zumu akiwa juu ya ngazi, anabadilisha taa ya sebuleni. Mama aliichukua mezani akaiweka kwenye spika, kama anavyopokea simu zote, ajue nyumba yote inaambiwa nini.

"Naongea na mpiga video?" ilikuwa sauti ya mwanamke. "Mimi ni shangazi wa yule bibi harusi, yule mwenye miwani. Sijui kama utanikumbuka."

Zumu alimkumbuka vizuri sana.

Shangazi alieleza kwamba yeye huandaa maonyesho ya michoro inayotembea, ukutani, kwa mashine kubwa, na kwamba mwaka huu atakayechaguliwa atapewa kazi ya kuchora kipindi cha watoto, kazi ya kudumu, yenye ofisi na dirisha. "Yale maua hayajanitoka kichwani. Yule aliyeyachora bado yupo?"

"Yupo," mama alijibu kutoka chini, kabla ngazi haijasema kitu. "Ni mkwe wangu. Yuko jikoni hapa."

Mke alikuwa amekwisha kutoka jikoni, mikono ina povu. Shangazi akamwambia atume linki ya kazi zake kabla ya Ijumaa, aziweke mahali pazuri, maana waamuzi watatazama wote kwa pamoja. Simu ilipokatika, mke aliketi chini pale pale, juu ya zulia, akacheka peke yake na povu likaingia kwenye nywele. Zumu alibaki juu ya ngazi ameshika taa.

Asubuhi iliyofuata kompyuta ilikuwa tena katikati ya meza, kati ya chupa ya chai na sahani ya mkate.

"Nichagulie tena," mke alisema. "Hii ndiyo nafasi yangu. Soko, Ukumbi au Kabati?"

Usiku ule ulikuwa umedondosha kijani, na ilikuwa imefunika kandambili za Zumu. Mama alisimama kwenye mlango wa jikoni na kopo mkononi.

"Mwambie," mama alisema. "Hilo kabati lako linamnyonyoa mwenzako. Mimi ndiye ninayefagia, najua."

Zumu alizungusha kikombe. Alimtazama mkewe, povu la jana bado limeacha alama nyeupe kwenye unywele mmoja. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya keki alitaka kuwa mtu mzuri.

"Ukumbi," alisema. "Weka Ukumbi. Rangi zitabaki zote, na huko ndiko waamuzi walikozoea. Kabati linakula rangi."

"Ulisema jicho halioni."

"Nilikosea."

Alilisema vizuri, hata mama akapumua. Mke aliinama akafungua ukurasa wa Ukumbi, akasoma lile sharti, akaufunga.

"Hapana," alisema.

"Hapana nini?"

"Nikijiunga huku, kule natoa kila kitu. Na mtu wangu je? Sijui jina lake, sina namba yake. Ataingia saa nane atakuta patupu. Atadhani nimekufa."

"Huko Ukumbini watakuwapo mamia," Zumu alisema. "Maelfu."

"Hao siwajui. Nilituma neno la siri kwa watu chungu nzima na aliyehangaika kuliandika ni mmoja. Siku zile alizopotea niliona jinsi nilivyokuwa. Simwachi kwa ajili ya maelfu ambao bado hawajaja."

Maneno yaliyotakiwa yalikuwa mawili tu: ni mimi. Zumu alikuwa nayo mdomoni. Aliona yatakavyofanya kazi. Mke atageuka, ataitazama ile namba moja, na ile moja itakuwa sufuri, maana mume aliyekufungia kabatini halafu akaja kukuchungulia si mtazamaji. Hakutakuwa tena na mtu mwenye subira. Zumu alimwonea wivu mtu yule kuliko alivyowahi kumwonea yeyote, na hakutaka kumpoteza.

"Basi uamuzi ni wako," alisema, akanywa chai iliyokwisha kupoa.

Mke alituma linki ya Kabati, pamoja na neno la siri, akaongeza maelezo mahali ile alama ngumu inapopatikana.

Ijumaa ikapita. Jumanne shangazi alipiga tena. Zumu alikuwa barazani peke yake, na mama alikuwa anafagia nyuma ya mlango.

"Tuliingia, kwa taabu," shangazi alisema. "Ni mchoraji mzuri, mkono upo. Lakini bwana, mbona majivu matupu? Ndege wa majivu, mbingu ya majivu. Yale maua yalikuwa yanawaka. Nikajiuliza sana. Nikaenda kwa wateja wako kutazama harusi ulizozifanya karibuni, na zote zinawaka vile vile. Ndipo nikaelewa. Yeye alichora, rangi zilikuwa zako."

Ufagio nyuma ya mlango ulisimama.

Zumu angeweza kusema kwamba yale maua aliyapeleka kwenye flashi, hayakupita Kabatini. Ni sentensi fupi. Alivuta pumzi ya kuisema. Halafu akakumbuka sebule ile, na vichwa vyote vimeigeukia runinga, na yeye amesimama nyuma ameshika rimoti kama mtu wa kuajiriwa.

"Ni kweli huwa nazishughulikia mwenyewe," alisema.

"Wachoraji ninao wengi. Mtu wa rangi ndiye niliyemkosa. Utaanza lini?"

Alipokata simu, mama alitoka nyuma ya mlango. Alimwekea ufagio mapajani, akaweka na kizoleo, akaingia ndani kulala ingawa ilikuwa saa nne asubuhi. Tangu siku hiyo hakufagia tena.

Mke alipoambiwa, aliiweka kalamu yake mezani.

"Walisema nini kuhusu mimi?"

"Walisema mkono upo."

"Basi," mke alisema. Akamkumbatia mumewe, akambusu shavuni, akasema hongera, na alimaanisha. "Angalau mmoja wetu kaonekana." Kisha akajifuta macho kwa kiwiko na kuuliza kama ofisi ina dirisha kweli.

Ilikuwa nalo. Zumu alipewa meza pembeni yake. Kila asubuhi aliondoka na mkoba wenye makopo ya maziwa, akanyunyiza kwenye kibodi, akapuliza, na michoro ya vijana wengine ikaamka kwenye kioo, na shangazi akapita nyuma yake akishika miwani na kusema, "Hebu rudisha pale." Wenzake hawakuuliza makopo yanatoka wapi. Kila mtu pale alikuwa na vifaa vyake. Mshahara ulikuja kwa wakati, na Zumu alimnunulia mkewe kishikwambi kipya, kikubwa zaidi, chenye rangi nyingi kuliko cha mwanzo.

Saa nane, wenzake walipokwenda kula, aligeuza kioo upande wa ukuta, akaandika lile neno refu, akatazama.

Jioni moja alimkuta mkewe amekaa mezani, taa haijawashwa, uso umemulikwa na kishikwambi. Mama alikuwa anakunja nguo bila kuinua kichwa.

"Alikuja leo," mke alisema. "Amerudia pale shingoni."

"Mara ngapi?"

"Nyingi. Nadhani leo alikuwa na huzuni." Akatabasamu kwa ile namba moja kwenye kona ya ndege wake mpya, tabasamu ambalo Zumu alikuwa amelisubiri miaka na hakuwahi kulipata, hata siku ya harusi yao, ambayo anayo kwenye video. "Kesho nitamchorea kitu cha kumchangamsha."

Roho ilimuuma Zumu kama siku ya kwanza. Alivua koti, akalitundika, akachukua ufagio pembeni ya mlango. Sakafuni kulikuwa na wekundu mwingi, wekundu wa kifua cha ndege, na alihitaji kopo lijae kabla ya asubuhi. Alianzia chini ya kiti cha mkewe. Mke aliinua miguu ili ufagio upite, bila kuondoa macho kwenye kishikwambi.